Pancha za Masika

Jumatatu, 11 Machi

Naandika kwa sababu nikisema nitagombana na mtu, na humu ndani wa kugombana nao wako wawili tu: mmoja mgonjwa, mwingine mzee. Nikishawamaliza hao, nitabaki na kuta.

Masika yameingia kwa kishindo. Asubuhi nimetoka na mwavuli nikakuta tairi la mbele kushoto limelala, rimu inakaribia kugusa tope. Na leo ni siku ya mashine. Figo za mume wangu ziligoma mwaka jana, na sasa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka hospitali, upande wa pili wa mji, akasafishwe damu. Zamu yake ni ya kwanza asubuhi. Ukichelewa, Sista anampa kitanda mmoja wa wale wanaokaa kwenye benchi la nje wakiombea mtu achelewe. Siwalaumu. Ningekuwa nimekaa benchi hilo, na mimi ningeombea matairi ya watu yapasuke.

Nimebadili tairi mwenyewe, mvua inaninyea, na sketi ya kazini mwilini. Mume wangu alikuwa dereva wa malori kabla ya maradhi haya, kwa hiyo alisimama mlangoni akinielekeza.

"Legeza nati kwanza, ndipo unyanyue jeki!"

"Nimesikia."

"Jiwe! Tia jiwe nyuma ya gurudumu!"

"Nimesikia, jamani, nimesikia!"

Mkono wake unaochomwa sindano za mashine hauruhusiwi kubeba hata ndoo. Hilo nalijua vizuri. Lakini mtu akikuelekeza huku wewe umelowa chapachapa na yeye kakauka, kujua hakusaidii kitu. Tulifika zikiwa zimebaki dakika chache. Sista aliitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama na mimi.

Jumanne, 12 Machi

Kazini. Mimi ni karani wa shule, na mwalimu mkuu kaniuliza tena kwa nini siku za mashine huwa sionekani asubuhi. Nimempa jibu lile lile la wiki iliyopita.

Jioni nimelivingirisha tairi hadi kwa Kiraka. Kiraka ni fundi wa pancha. Anakaa pale kichochoro chetu kinapokutana na lami, yeye na kompresa yake na beseni la maji meusi. Kalizamisha, kaona vipovu vinapotoka, kachomoa msumari wa bati, ule wenye kofia pana, umejaa kutu. Kaniuliza kesho naondoka saa ngapi na mgonjwa. Nikamwambia. Nani hajui ratiba yetu mtaa huu?

Alhamisi, 14 Machi

Jana tulikwenda vizuri, tukarudi vizuri. Mungu ni mwema.

Leo sikuwa na nguvu ya kupika. Tumekula mkate na chai, watu watatu, kila mtu akitazama kikombe chake.

Ijumaa, 15 Machi

Pancha. Tairi lile lile la kushoto. Nimebadili, tumewahi kwa kudura za Mungu.

Niseme kuhusu baba mkwe, maana leo amenitia hasira. Alihamia kwetu mwanawe alipoanza kuugua, analala chumba cha uani. Alikuwa mnyapara wa barabara maisha yake yote, amesimamia watu wa kufukia mashimo tangu mume wangu hajazaliwa. Sasa tangu aje, hajakanyaga hospitali hata siku moja. Hata moja! Mwanawe wa pekee amelazwa kitandani na mipira miwili ya damu mkononi, na yeye anasema harufu ya hospitali inampa kizunguzungu. Badala yake anachukua toroli na beleshi anakwenda kufukia mashimo ya kichochoro. Leo asubuhi, mimi niko chini ya gari nahangaika na nati, yeye amesimama pale anakagua mashimo.

"Mkwe," ananiambia, "hapa karibu na mfereji nimepatengeneza jana. Pita hapo, usipite kulia."

"Ahsante, Baba."

Nilisema ahsante na meno yamekutana. Kama ana nguvu za kusukuma toroli, basi za kukaa kwenye kiti karibu na mwanawe zimekwenda wapi?

Jumapili, 17 Machi

Mume wangu kanifundisha kupima upepo. Anasema lazima iwe asubuhi kabla gari halijatembea, tairi likiwa la baridi, kwa sababu likishapata moto kipimo kinakudanganya. Na nisijaze kupita kiasi eti ili lisipate pancha. Tairi gumu mno linateleza kwenye maji na linalika katikati. Kisha kanionyesha tairi la akiba. Limekuwa kipara kabisa, unaweza kujitazama. "Hili ni la kukufikisha kwa fundi tu," kasema, "si la kuzunguka nalo mji mzima kwenye mvua." Nikamwambia hilo ndilo lililompeleka hospitali juzi.

Alifurahi kufundisha. Uso wake ulirudi kidogo kuwa ule wa zamani. Nimekubali kufundishwa hata yale niliyoyajua.

Jumatano, 20 Machi

Pancha. Nyuma kulia. Nimechoka hoi.

Ijumaa, 22 Machi

Hakuna pancha, lakini usiku mzima sikulala nikisikiliza kama tairi linapumua. Kwani hata unasikia? Husikii. Nilitoka nje mara kwa mara na tochi kama mwizi wa gari langu mwenyewe.

Jumatatu, 25 Machi

Pancha. Tena ya msumari wa bati. Mwenye duka la pale pembeni, anayejua habari za kila mtu, aliniita nikiwa natoka kwa Kiraka.

"Dada, wewe huoni?"

"Sioni nini?"

"Jumanne hupati pancha. Alhamisi hupati. Unapata siku ya hospitali tu. Sasa nani anajua siku zako za hospitali, na nani anakula kwa pancha yako?"

Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaacha kucheka. Siku nyingine gari halitoki, mimi naenda kazini kwa miguu, ni kweli. Lakini gari likilala hapa uani limejaa upepo, kisha likipata msumari palepale kichochoroni siku ya hospitali tu, misumari hiyo inamwagwa na nani?

Mume wangu anasema nisisikilize maneno ya dukani. "Kiraka namjua, tumekunywa naye chai miaka." Ndiyo, ila wewe hubadili tairi.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Tope. Tumewahi.

Ijumaa, 29 Machi

Pancha. Baba mkwe kafukia tena jana, kasimama pembeni ya njia tukipita, ametunyooshea mkono pa kupita kama anaongoza lori. Mume wangu akampungia. Mimi sikumpungia, nilikuwa natazama njia.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda kwa Kiraka kuchukua tairi. Nimemtazama mikono. Anapiga mluzi huku anakwangua mpira apake gundi. Mtu mwenye hatia hupiga mluzi? Labda ndiye hasa anayepiga.

Ijumaa, 5 Aprili

Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha hadi nikadhani bati litang'oka. Asubuhi tumepakia, tumetoka pole pole, nimepita pale karibu na mfereji kama nilivyoagizwa, na kabla hatujafika lami usukani ukanikataa. Nimeshuka. La mbele kushoto chini. Nimezunguka. La nyuma kushoto nalo linashuka huku nalitazama. Matairi mawili! Na la akiba moja, kipara.

Nilisimama kwenye mvua nikalia kwa sauti, sikujali nani ananiona. Mume wangu alifungua mlango akasema, "Haya, mama, tulia, tuanze na la mbele." Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba, viatu vimemkataa, kavaa ndala.

Kiraka hakuwa amefungua bado. Nikampigia simu, hakupokea. Nikatoa tairi moja, nikatia la akiba, nikalitoa la pili nikalivingirisha barabarani hadi kituo cha mafuta, wakaziba. Nilivyorudi na kulifunga, jua lilikuwa limeshapanda nyuma ya mawingu. Tulipofika, kitanda chake kilikuwa na mtu. Mama mmoja mnene, amefumba macho, mashine inazunguka. Sista alikuja mlangoni.

"Nilisubiri," kasema. "Kweli nilisubiri. Lakini huyu naye alikuwa na hali mbaya."

"Kuna nafasi mchana?"

"Leo zimejaa zote. Kaeni, akikosekana mtu nitawaita."

Tulikaa kwenye benchi lile. Sasa nalijua benchi. Ukikaa pale, kila gari linaloingia getini unalichukia. Hakukosekana mtu hata mmoja. Leo watu wote walikuwa na matairi mazima. Jioni Sista kaja kutuambia turudi Jumatatu, apunguze maji, asile chumvi, na akishindwa kuvuta pumzi tusisubiri.

Nyumbani baba mkwe alikuwa mlangoni. "Mbona mmekawia? Amesafishwa?" Nikapita bila kumjibu. Ni dharau, najua, na niliifanya kwa makusudi.

Jumamosi, 6 Aprili

Amelala ameketi. Akilala chali anakohoa. Kiu inamtesa, ananiomba kipande cha barafu, nampa kidogo sana, ananitazama kama mimi ndiye niliyemnyima maji tangu utotoni.

Jumatatu, 8 Aprili

Jana adhuhuri alibadilika. Midomo ya kijivu, kifua kinatoa mlio, ananiambia maneno hayafiki mwisho. Nimempakia mimi na mwenye duka, nimeendesha taa zimewaka, honi mkononi, na katika akili yangu kitu kimoja tu: tairi lisipasuke, tairi lisipasuke. Halikupasuka. Walimpokea mapokezi ya dharura, wakampa hewa, wakamtafutia mashine. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Ile habari nyingine nilikuwa naiona tangu Ijumaa, hakuna aliyehitaji kuniambia.

Leo, narudi mwenyewe kumchukulia nguo, nikasimamisha gari kwa Kiraka. Palikuwa na watu. Dereva wa gari la mikate, vijana wa bodaboda, mwenye duka kwenye mlango wake.

"Fundi," nikamwambia, "mume wangu nusura afe jana."

"Pole sana, Mama. Nimesikia. Anaendeleaje?"

"Pole yako kaa nayo! Unamwaga misumari njiani halafu unanipa pole? Huoni haya? Unakula jasho la mgonjwa!"

Alisimama na spana mkononi, mdomo wazi. Nikaendelea. Sikumbuki yote niliyosema, lakini nilitaja mama yake. Watu walikusanyika. Alisema tu, "Mama, mimi? Mimi?" Mara nyingi, hivyo hivyo. Niliondoka, na lazima niseme ukweli, nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka jana kumpata mtu wa kumlaumu.

Jumatano, 10 Aprili

Mume wangu karudi nyumbani jana. Mvua imepumzika tangu juzi, njia imekauka. Leo tumekwenda, hakuna pancha.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna pancha! Mwenye duka ananiambia, "Unaona? Umemkomesha." Dereva wa gari la mikate haziba tena matairi yake kwa Kiraka. Na jana mtu kapiga teke beseni lake, maji yamemwagikia kompresa. Leo hakufungua. Nilisema moyoni, na ajifunze.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua imerudi Jumapili. Leo pancha.

Kiraka hajafungua tangu Alhamisi. Wanasema amekwenda kwao. Nimesimama pale na jeki mkononi nikajiuliza: basi msumari wa leo kaumwaga nani?

Alhamisi, 18 Aprili

Mwalimu mkuu alituruhusu mapema, paa la darasa linavuja. Nilipoingia kichochoroni nikamkuta baba mkwe karibu na mfereji, toroli limejaa, anamwaga.

Kuna ghala la zamani nyuma ya mtaa wetu lililobomolewa kabla ya mvua. Mbao wamechukua, bati wamechukua, kifusi wamekiacha. Hapo ndipo anapozoa. Sikuwahi kujiuliza anazoa wapi. Nilimwona akisawazisha kwa beleshi, kwa ustadi kabisa, katikati juu kidogo ili maji yateremke pembeni. Akashindilia kwa mguu. Na hapo, karibu kabisa na ndala yake, palikuwa na msumari wa bati umesimama wima, ncha juu. Akahamisha mguu, akashindilia upande wa pili wa msumari. Hakuuona. Nikasogea. Uko mwingine. Uko mwingine tena chini ya kipande cha tofali.

"Nani?" akauliza, amenigeukia, anakunja macho.

Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, mchana, na koti langu jekundu.

"Mimi, Baba."

"Ah, mkwe! Kesho Ijumaa. Nimeona niwatengenezee mapema, mvua itakuja."

Kila siku kabla ya siku ya mashine. Si Jumatatu, si Jumatano, si Ijumaa: Jumapili, Jumanne, Alhamisi, mvua ikinyesha. Ili asubuhi mwanawe apite pazuri. Nikajibu kitu, sijui nini. Nikaingia ndani nikakaa jikoni bila kuvua koti.

Nilimwambia mume wangu. Kwanza alicheka, akacheka mpaka akashika mbavu, sijamwona akicheka hivyo tangu augue. "Mnyapara mzima! Yule alikuwa akiona msumari kwenye kifusi, genge zima linapanga mstari wanachagua kwa mkono!" Kisha kicheko kikageuka, akafunika uso.

"Macho yameisha," kasema. "Ametuficha."

"Nimwambie?"

"Usimwambie. Nakuomba. Amebaki na hiyo tu."

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeamka kabla ya kila mtu nimeokota misumari kichochoroni, nimeinama, mgongo unauma, nikaijaza mfukoni. Tumepita salama. Kwa hiyo sasa hii ni kazi yangu nyingine, juu ya zile zingine.

Jumapili, 21 Aprili

Kiraka amerudi. Mwenye duka kaniletea habari akiwa na furaha zake: mwenyekiti wa mtaa ameambiwa, na Kiraka amepewa mpaka mwisho wa mwezi ahamishe vitu vyake. "Tumekutetea, dada."

Nilikwenda. Alikuwa peke yake, anakausha kompresa kwa kitambaa.

"Fundi, nimekuja kukuomba radhi. Si wewe."

"Umejuaje?"

"Nimejua tu."

"Umejua tu," akarudia. "Ulinitukana watu wamejaa, ukamtaja na mama yangu. Leo unaniomba radhi nikiwa mwenyewe. Haya, kama si mimi, ni nani?"

Nilimwona akingoja jibu, akaona halitoki, akaendelea kufuta kompresa yake.

"Nenda kamwangalie mgonjwa, Mama," akasema, bila hasira hata. Bora angenitukana.

Mume wangu nimemweleza. Amesema tutafute njia nyingine. Njia gani? Nimemuuliza mara mbili. Sikumlazimisha, alikuwa amechoka na mimi nimechoka. Lakini sitakubali mtu afukuzwe mahali pake pa kazi ili sisi tulinde heshima ya nyumba.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwambia.

Jioni nimerudi kazini, mvua ilikuwa inanyesha kidogo kidogo, na baba mkwe alikuwa uani, toroli lake limejaa kifusi kwa ajili ya kesho. Nilipiga moyo konde nikasimama mbele yake.

"Baba, acha kwanza. Pancha zetu zinatoka kwenye kifusi hiki."

"Kifusi kipi?"

"Hiki chako. Kina misumari ya bati."

Alisimama. Nilidhani atabisha. Aliinama akatia mkono kwenye toroli, akapapasa taratibu kwa vidole, kama mtu anayechambua mchele gizani. Hakuchukua muda. Akatoa mmoja, akausogeza karibu na jicho, akausogeza zaidi. Akatia mkono akatoa wa pili.

"Ile Ijumaa," akasema. "Alipokosa mashine."

Nilitaka kusema hapana. Nilichoka kusema uongo.

"Ndiyo, Baba."

Akakaa kwenye ukingo wa toroli. Beleshi likaanguka, hakuliokota. Nilichuchumaa karibu naye, nikaanza kusema hukujua, nia yako ilikuwa nzuri, na maneno mengine ya namna hiyo, mpaka akanyanyua mkono ninyamaze.

"Mmejua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Na mmekaa mnaniangalia tu, mnanilea kama mtoto mchanga?"

"Mwanao alisema usiambiwe."

"Mwanangu mjinga. Na yule kijana wa pancha? Nasikia wanamfukuza. Kwa ajili hii?"

"Kwa ajili ya maneno yangu."

Akainuka. Hakuchukua hata mwavuli. Nilimfuata kichochoroni, yeye mbele, akipita katikati ya mashimo aliyoyafukia mwenyewe, mpaka kwenye lami. Pale kwa Kiraka walikuwa wamejikinga mvua watu kadhaa, na mwenye duka, ambaye mvua haimzuii. Baba mkwe akafungua kiganja mbele ya watu wote.

"Misumari ni yangu," akasema. "Nimeimwaga mimi, macho yangu hayaoni. Huyu kijana hana kosa. Mwenyekiti aambiwe hivyo, na anayetaka kufukuza mtu anifukuze mimi."

Hapo na mimi nikasema yangu, kwa sauti, ili hata mwenye duka asikie vizuri: nilimsingizia, nilimtukana, na namwomba radhi yeye na mama yake. Kiraka alituangalia, mmoja baada ya mwingine.

"Haya, yamesikika," akasema. "Na wateja wangu nao nani atawarudisha? Mtanisaidia kuwatangazia?" Kisha akamvutia mzee kiti chake, cha tairi lililokatwa. "Kaa, Mzee. Umelowa." Mwenye duka alikuwa ameshaingia dukani kupanga sabuni.

Tuliporudi, baba mkwe alisimama mlangoni, hakuingia. Maji yanamtiririka usoni, sijui ni ya mvua yote.

"Basi nipe kazi nyingine," akasema.

Nilimtazama. Tangu Machi nilikuwa namwona ni mzee aliyemkimbia mwanawe, na kumbe ndiye aliyekuwa anakwenda hospitali kila siku, ila kwa beleshi, anaishia kwenye lami. Nilijiona mdogo sana. Kazi gani nimpe? Kuchota maji? Kumenya viazi? Nilijua kazi ilikuwa moja tu, nami niliogopa kumwambia kwa sababu nilijua ni nzito kuliko kifusi.

"Kesho asubuhi panda gari, Baba."

Alikwenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Jumatano, 24 Aprili

Nilipotoka kupima upepo asubuhi, alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, kofia magotini, amefunga mkanda. Mume wangu alipomwona alisimama kidogo, kisha akaingia mbele. Matairi yote manne yalikuwa sawa.

Mlangoni pa wodi alishika fremu ya mlango. Nilidhani atarudi. Sista akampa kiti, akamwambia, "Pita, Mzee, hakuna linalouma kwa kutazama," na akapita. Walipomchoma mwanawe alifumba macho. Mipira ilipojaa damu, aliisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa, kwa sababu kwa mbali haoni.

"Hii inakwenda wapi?"

"Kwenye mashine, Baba," nikamwambia. "Inasafishwa."

"Halafu?"

"Inarudi."

"Yote?"

"Yote."

Akafuata mpira kwa kidole, bila kuugusa, kutoka mkononi hadi kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine hadi mkononi tena, akahakikisha mwenyewe. Kisha akakaa. Mkono mmoja wa mwanawe ulikuwa na mipira na mwingine umefungwa kipimo cha presha, kwa hiyo alimshika mguu, juu ya blanketi, pale kwenye kifundo.

Mume wangu alikuwa akimtazama muda wote.

"Baba, mbona siku zote hukuja?"

Nilitamani asingeuliza. Mzee aliangalia chini. Wagonjwa wa pembeni walikuwa macho, Sista alikuwa anaandika karibu na dirisha, watu wote wanasikia.

"Niliogopa," akasema. "Naogopa mpaka sasa."

"Hata mimi," mume wangu akasema. Hajawahi kuniambia hivyo, mimi ninayemleta kila mara.

"Na mimi," nikasema.

Sista alikuja akaangalia mashine, akabonyeza kitufe, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Tulikaa hivyo mpaka ilipokwisha, mzee hakuuachia mguu.